Mzigo wa Baba kutoka Maskati

Jumatatu, 8 Septemba 2025

Mzee Ismail kaniita asubuhi kabla hata hajanywa chai yake, nikajua kuna neno. Mwenyekiti wetu wa bodi hamwiti mtu kabla ya chai.

Wakfu umekubali! Wale watu wa Ghuba niliokuwa nikiwaandikia tangu mwaka jana, mpaka nikachoka kujipendekeza. Wanamtuma mwakilishi wao, Bi. Samah, aje aione zahanati yetu ya Shika Adabu, kule Likoni, kisha akae nasi kwenye hafla tarehe 27. Akiridhika, tunajengewa chumba cha upasuaji. Chote — kuta, mashine, jenereta. Mama mjamzito wa Likoni hatangoja tena kivuko ndipo apasuliwe ng'ambo. Asiporidhika, tunarudi kuuza tikiti za pilau.

Nikaruka! Umri huu, na cheo hiki cha Mkurugenzi wa Uchangishaji, nikaruka mbele ya mwenyekiti. Alicheka mpaka miwani ikamshuka.

Mchana Jacktone akaja na lake. Huyu ndiye mtu wetu wa mawasiliano, kwao Kisumu, hodari wa kazi ila haishi maneno. Anataka wasifu wangu wa kuweka kwenye tovuti. Nikamwandikia: shule ya msingi Jomvu, sekondari, chuo. Miaka ya kusimama na kopo mlangoni mwa supamaketi nikichangishia kambi ya macho. Miaka ya Nairobi kwenye shirika la watoto. Kisha hapa. Akasoma akasema, madam, hii ni kavu kama muhogo wa jana, nani atatoa pesa kwa hii? Nikamwambia mimi si bidhaa. Akasema mchangishaji ndiye bidhaa ya kwanza.

Huyu naye! Nikamfukuza aende zake akale.

Alhamisi, 11 Septemba

Ugomvi Shika Adabu. Jacktone kaenda na kamera yake kutaka kuwapiga picha kina mama kwenye benchi la kliniki. Wote wakajifunika nyuso kwa leso. Muuguzi wetu mkuu, Sidi, akamwambia hapa si mbuga ya wanyama. Nilicheka moyoni.

Tukirudi tumekaa garini kwenye foleni ya kivuko, yeye bado analalamika tu. Watu wanasaidiwa bure, picha moja wanakataa, kwani iko nini? Wallahi aliniudhi. Nikamwambia nyamaza. Nikamwambia mimi mwenyewe nimekula sadaka hivi unavyoniona, na aliyetupa hakuwahi kututazama usoni, sembuse kutupiga picha. Pwani mtu hupewa kwa sitara. Anayetoa hafichi mkono wake tu, humficha na yule anayepokea.

Ningeishia hapo. Lakini ulimi ukishaanza! Nikamhadithia jinsi nilivyokuwa nikitumwa Changamwe, mlango wa nyuma wa nyumba moja ya wenye duka. Nabisha, mama mwenye nyumba anafungua nusu, kikapu kinatoka kimefunikwa leso. Unga, mchele, mafuta, sare ya shule mwaka unapoanza. Hasemi neno, nami sisemi. Mama hakuliita jambo lile sadaka hata siku moja. Aliniambia tu, "Alawiya, nenda kachukue mzigo wa babako, umefika kutoka Maskati."

Jacktone akawa ananisikiliza kwa adabu. Nilidhani maneno yamemwingia. Nikajisikia vizuri kwa kuwa nimemfunza kitu.

Jumapili, 14 Septemba

Jomvu Kuu kwa Mama. Samaki wa kupaka, wali, maembe ya kachumbari. Mdogo wangu Mussab alikuwapo na mkewe na mwanawe mdogo, Barakat, aliyempa jina la babetu.

Mussab akaanza hadithi zake. Vile viatu vyeusi alivyovaa siku ya kwanza ya sekondari, vilivyotoka Maskati. Baba alivyojua namba ya mguu wake ingawa hajamwona tangu akitambaa! Anamwambia mwanawe, babu yako alikuwa mwanamume, alikwenda ugenini akala jua, sisi tukala wali. Mtoto katoa macho.

Nikamtazama Mama. Anachambua samaki, anamtolea mjukuu miiba.

Vile viatu nilivibeba mimi. Vilitoka mlango ule ule wa Changamwe, na mbele vilijazwa pamba kwa sababu vilikuwa vikubwa. Baba alikwenda Maskati, akaoa huko, hakuleta hata salamu. Akafa huko huko. Tunaojua ni wawili, Mama na mimi, na hata sisi wawili hatujawahi kulitamka. Mama aliulinda uso wa yule mwanamume aliyemtupa ili uso wetu sisi usalimike. Watoto wa baba anayeleta ni watoto wa watu. Watoto wa baba aliyetoroka, kila mtu ana ruhusa ya kuwahurumia.

Nampenda Mama mpaka wakati mwingine naona hasira.

Jumanne, 16 Septemba

Ya Rabbi. Ya Rabbi!

Nimefungua simu asubuhi nikakuta uso wangu. Bango la hafla. Mimi nimevaa ule mtandio wa kijani, nacheka, na juu ya kichwa changu maandishi makubwa: ALILELEWA KWA SADAKA. LEO ANACHANGISHA. Chini yake kuna maelezo — mtoto maskini wa Jomvu, kikapu, mlango wa nyuma, hakuna baba wa kuwatunza. Vyote!

Nikamwita Jacktone. Kaja anatabasamu, anangoja sifa. Nikamuuliza nani kakuruhusu? Akasema, lakini madam, ulinihadithia mwenyewe. Ulisema wale kina mama wasipigwe picha, nikaona umejitoa wewe badala yao. Amedhani hivyo kweli! Nilimwangalia nikaona hana hila. Kwao mtu aliyetoka kwenye dhiki akasimama hujisifia, na kijiji kizima hujisifia naye. Atajuaje? Na nilimhadithia mimi, kwa kinywa changu.

Nikasema liondolewe. Akasema limeshasambazwa tangu jana jioni. Nikaenda kwa Mzee Ismail. Naye ananipa mkono wa pongezi! Bi. Samah keshaliona, amefurahi mno, amesema watu hawatoi kwa matofali, hutoa kwa mtu. Anataka nisimame siku ya hafla niieleze mwenyewe. Ila ameuliza jambo moja. Mwaka jana kuna shirika liliwadanganya kwa kisa cha kubuni, wakaaibika magazetini, sasa hawamfadhili mtu ila wahakikishe. Je, haya ni kweli neno kwa neno?

"Ukamjibuje, Mzee?"

"Nimemuapia wallahi ni kweli. Kwani si kweli?"

Nikasema ni kweli.

Alhamisi, 18 Septemba

Leo kuna maulidi ya wanawake Jomvu. Mama huwa mstari wa mbele. Nimempigia baada ya alasiri, hakushika. Magharibi, hakushika. Simu yake haijazimwa. Inalia tu.

Ijumaa, 19 Septemba

Mussab kapiga nikiwa mkutanoni. Nikatoka nje, nikashika simu mbali na sikio, bado nasikia.

Umemtukana baba kaburini! Nani alikulisha sadaka wewe? Wewe ndiye uliyekuwa ukitumwa kuchukua mizigo yake, ulikula, ulivaa, leo umesomea Nairobi unamfanya baba yako mtoro ili Waarabu wakupe pesa? Anaulizwa kazini, pale bandarini. Mwenzake mmoja kamwambia pole.

Nilikuwa na jibu moja tu, na jibu lile lingemwangusha. Angelibeba vipi? Angemwambia nini mwanawe?

Akanipa na habari ya Mama. Maulidini, baada ya kisimamo cha kumswalia Mtume, jirani mmoja alimwonyesha simu. Hakumcheka, laiti angemcheka! Alimshika mkono mbele ya wanawake wote akamwambia, Bi. Dhahabu, kumbe mlikuwa na tabu hivyo, mbona hamkutwambia, sisi si majirani zako? Mama akasema shukrani. Akanywa kahawa yake, akamaliza halua, akaaga kila mtu. Akaenda nyumbani akafunga mlango.

Kamaliza halua! Nilipofika hapo nililia, nimesimama kwenye maegesho ya magari ya watu.

Jumapili, 21 Septemba

Nimekwenda. Nimebeba unga, mafuta, sukari, dawa zake za presha, kama kila mwisho wa wiki.

"Shikamoo Mama."

"Marahaba. Karibu, mgeni."

Nikadhani mzaha. Akatandika mkeka mpya barazani. Mimi! Niliyezaliwa chumba cha ndani! Akaniletea kahawa kwenye vile vikombe vya maua vinavyokaa kabatini wakija watu wa posa. Nikainuka niende jikoni nikamsaidie. Akasimama mlangoni, kwa upole kabisa: "Keti, bibi. Mgeni haingii jikoni."

Nikamwomba radhi. Nikamweleza yote, Jacktone, foleni, ulimi wangu. Nikamwambia Mama, sikulitaka. Alinisikiliza hadi mwisho, uso mkavu. Halafu akaanza kuvirudisha vitu nilivyoleta kwenye mfuko, kimoja kimoja, unga chini, sukari juu isipasuke. Akausogeza mfuko miguuni pangu.

"Hivi wapelekee wenye haja. Mimi sili sadaka."

"Mama, ni mimi! Ni Alawiya!"

"Alawiya wangu alilelewa na babake. Huyu wa kwenye picha, mimi simjui."

Kanisindikiza mpaka njiani, kama anavyosindikizwa mtu wa heshima. Dawa zake tu nimezificha chini ya mto wa kiti. Atazikuta. Sijui kama atazimeza.

Jumanne, 23 Septemba

Sidi kapiga saa nne asubuhi. Mama mmoja wa Shika Adabu, uchungu umekwama tangu alfajiri, wamemtia kwenye ambulansi. Kivukoni msongamano. Yule mama kafika ng'ambo, kapasuliwa, yuko hai. Mtoto hapana. Alikuwa wa kike.

Sidi hakunilaumu. Aliniuliza tu, madam, hao watu wa Ghuba wanakuja kweli? Nikamwambia wanakuja. Akasema haya, akarudi kazini.



Alhamisi, 25 Septemba

Bi. Samah amewasili. Mwanamke mwerevu, mpole, haongei ovyo. Tumezunguka naye Shika Adabu. Amekaa na kina mama benchini bila kamera, akashika tumbo la mmoja kwa idhini yake, akamuombea dua. Nilitaka nimchukie, sikuweza.

Nikajaribu kujitoa. Nikamwambia labda Sidi ndiye azungumze, habari ya juzi inatosha kuliza jiwe. Akafikiri. Akasema tangu waone bango, wakuu wake wanaliunga mkono ombi letu kwa sababu moja, yangu mimi — mtu aliyeonja upande ule wa kupokea ndiye wa kuaminiwa upande huu. Nikikwepa kusimama, ataandika kwenye ripoti yake kwamba nilikwepa. Kasema bila kitisho. Ni kazi yake, nami ningekuwa yeye ningefanya hivyo hivyo.

Mzee Ismail alinivuta kando. Mama yako atakusamehe, mama ni mama. Yule mtoto wa Jumanne hatarudi. Haki ya Mungu, nilitamani kumjibu jeuri, lakini ni mzee wangu, na kasema kweli. Au nusu ya kweli. Watu wanaosema mama ni mama hawajakaribishwa barazani kwao wenyewe kama wageni.

Nimeamua. Nitasimama. Nitasema kulikuwa na dhiki na kulikuwa na mlango uliofunguliwa. Baba sitamtaja, si kwa jema wala kwa baya. Maneno machache, niteremke. Nimempigia Mama nimwambie ili asisikie tena kwa watu. Safari hii kashika. Nikamweleza. Nasikia redio yake tu.

"Hafla ni saa ngapi?"

Nikamwambia saa sita, ukumbini Mkomani.

"Haya," akakata.

Ijumaa, 26 Septemba

Siwezi kula. Jacktone kaniletea mahamri, ananizunguka kama paka aliyevunja sahani. Nikayapokea. Nimeandika hotuba, nimeifuta, nimeandika tena. Kila nikifika pahali pa baba kalamu inasita, na msikilizaji yeyote mwenye akili atauliza: huyu baba yuko wapi?

Jumamosi, 27 Septemba

Naandika chooni. Ukumbi wa Mkomani, choo cha wanawake, mlango nimefunga. Huku nje watoto wa madrasa wanaimba kaswida, wameambiwa waendelee mpaka nirudi. Nisipoandika nitapiga kelele.

Mama amekuja.

Nilikuwa meza ya mbele na Bi. Samah na Mzee Ismail, watu wameshajaa, nikamwona anaingia. Buibui jipya, udi unanukia toka mlangoni, Mussab kamshika mkono, kavaa kanzu. Hawakunitazama. Wakatafutiwa viti mbele, maana ni mama wa mwenye shughuli! Nikajipa matumaini, kwamba amekuja kunisamehe. Mjinga mimi.

Mshereheshaji aliyekodiwa na Jacktone ni mtu wa hapa hapa, anajua mila. Kamwona mzazi. Mzazi yupo ukumbini, mtoto atapandaje jukwaani kabla mzazi hajasalimu? Haiwezekani, ni kukosa adabu. Nilimkonyeza, nikatikisa kichwa, hakuniona. Akampelekea maiki hapo hapo alipo. Watu wakapiga makofi.

Mama akasimama. Sijawahi kumwona Mama na maiki. Kaishika kama anavyoshika mwiko. Kasalimu vizuri, kamswalia Mtume, kawashukuru wageni, kawaombea wajawazito wa Likoni. Sauti yake laini, Kimvita chake kimenyooka. Nikaanza kulia kwa raha.

Kisha akasema:

"Mimi ni mjane wa marehemu Barakat. Mume wangu alikwenda Maskati kututafutia, na Mungu ni shahidi, hakutusahau. Mzigo wake ukifika kila mwezi. Wanangu hawakula cha mtu. Hawakuvaa cha mtu. Nimekuja niseme haya kwa kuwa marehemu hana kinywa. Hayo yaliyoandikwa hapo juu, mwenye kuyaandika kakosea. Namsamehe."

Akarudisha maiki. Akakaa.

Hapo juu ni bango. Uso wangu, ukuta mzima.

Hakuna aliyepiga makofi. Mussab peke yake. Anapiga makofi, machozi yanamtoka, kifua mbele. Mzee Ismail kainamisha kichwa — yeye ndiye aliyeapa. Jacktone kashika kichwa. Nyuma kabisa nilimwona Sidi na sare yake, kaja moja kwa moja kutoka zamu.

Mama hakutetemeka. Ametaja Mungu kuwa shahidi, yeye asiyeapa hata kwa bei ya samaki! Ameibeba dhambi hiyo kwa hiari, mbele ya watu wote, na kisha akaniangalia. Mara ya kwanza tangu Jumapili. Hakuwa na hasira. Alinitazama kama zamani akinipa kikapu kitupu asubuhi, kabla sijatoka.

Bi. Samah akaniinamia sikioni. Sauti ya chini, ya heshima. Kasema Alawiya, mimi sina hukumu, lakini bango linasema moja na mama yako anasema jingine, na mmoja hasemi kweli. Nitakuomba utakapopanda jukwaani ulijibu hilo kwanza, mbele yao. Tutakwenda na jibu lako. Nikamwomba dakika ya kujifuta uso.

Basi. Nikisema bango ni kweli, nimemwita Mama mwongo mbele ya Jomvu nzima, na nimemwambia Mussab kwa maiki kwamba baba yake hakuwa kitu. Nikisema Mama ndiye mkweli, mimi na Mzee Ismail ni matapeli, Samah anapanda ndege, na zahanati inabaki na benchi lake. Na yule wa kesho, atakayekwama uchungu?

Nimesimama mbele ya kioo nikajaribu yote mawili. Nimesema, "Tulilelewa kwa sadaka." Imekwama kooni, nikakohoa. Nikarudia, ikakwama.

Nikasema, "Baba alitutunza. Mzigo wake ukifika kila mwezi kutoka Maskati."

Imetoka moja kwa moja. Laini, haikutetemeka hata kidogo, na Kimvita chake kimenyooka. Sauti ile haikuwa yangu, ni ya Mama hasa.

Kaswida imekwisha. Mlango unabishwa. Ni Sidi, anauliza kama niko tayari.